Mlio Nilioukana

Kwa miaka saba nilisema kwamba siku ile sikusikia kitu. Nilimwambia meneja, nikamwambia mama yangu, nikamwambia hata mchungaji, ambaye wala hakuwa ameniuliza.

Tulikuwa walinzi wawili wa kike kwenye ghala la kahawa, Bukoba mjini. Mimi natoka Izimbya, nyumba ya Walutheri wenye kibanja cha migomba na buni. Mwenzangu alikuwa mtoto wa mjini, Mwislamu, na bibi yake mzaa baba alitoka Tanga miaka mingi iliyopita kwa sababu ya ndoa. Kiswahili chake kilitiririka. Changu nimekipata shuleni. Mpaka leo nafikiri kwa Kihaya kwanza, ndipo nageuza. Alikuwa akinicheka.

"Hebu rudia taratibu, munywani. Hiyo sentensi imekuja kwa miguu kutoka Izimbya."

Munywani ni rafiki. Katika Kihaya chote hilo ndilo neno alilolipenda zaidi. Nilikuwa nikimletea ndizi za kupika, yeye akiniletea chapati na maharage, na msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, tulikaa langoni tukichambua mabawa huku malori yakipita. Tulipokezana bunduki moja, ile ya kuvuta kwa mkono, inayokula katriji nene za marisau. Kwa muda wote tuliokaa pale hatukuifyatua hata mara moja. Ilikuwa mzigo wa bega tu.

Mara moja kwa mwaka kampuni yetu ya ulinzi ilitupakia kwenye gari hadi Muleba kulenga shabaha. Uwanja wenyewe haukuwa na jengo. Ulikuwa kipande cha rweya, ile nyika ya majani mafupi ambayo hakuna apandaye mgomba, ukiishia kwenye kilima kilichochongwa upande mmoja ili kipokee risasi. Ukisimama pale, ziwa linaonekana mbali kushoto, jeupe.

Aliyetufundisha alikuwa mzee mmoja, askari mstaafu, mwembamba, mwenye sauti ndogo kuliko kazi yake. Kila mwaka alisema maneno yaleyale kabla ya kuturuhusu kugusa chochote.

"Bunduki ina njia zake za kugoma," alikuwa akisema. "Umefyatua, kimya. Usiigeuze, usiichungulie. Mdomo wake ubaki kwenye kilima, uhesabu hadi sitini, maana baruti nyingine huchelewa kuamka. Au ganda limekwama. Usipambane nalo, inua mkono, nitakuja mimi. Lakini kuna ya tatu, na hiyo hata mimi naiogopa. Umefyatua, imelia, ila imelia vibaya. Puu! Kama mtu katupa chini gunia la pumba. Hapo baruti haikuwa na nguvu, kizibo cha katriji hakikutoka, kimebaki ndani ya mtutu. Ukipiga nyingine juu yake, mtutu unapasukia mkononi mwako."

Kisha alitupanga wawili wawili. Mmoja anapiga, mwingine anasimama nyuma yake, hatua mbili, akisikiliza.

"Mpigaji kaziba masikio, hawezi kujua," alisema. "Wewe wa nyuma ndiye masikio yake. Ukisikia mlio mbaya, paza sauti: Simamisha! Hata kama ni mdogo kuliko wote hapa. Hata ukiwa umekosea."

Mwenzangu alinyoosha kidole kwangu. "Mzee, huyu anaimba sauti ya pili kanisani. Ana masikio ya kwaya. Mimi sina wasiwasi."

Watu walicheka, mzee naye akatabasamu. "Basi una bahati," akamwambia.

Siku ninayoisimulia, mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, ikakatika. Katriji zilikuja ndani ya sanduku la bati lililokaa kwenye stoo ya ofisi, chini ya paa linalovuja. Sote tulijua paa lile linavuja; tuliwahi kuweka ndoo chini yake. Meneja wa kampuni yetu alizitoa, akazipangusa kwa kitambaa mbele yetu, moja moja, kama anavyopangusa mtu vikombe vya wageni. Mzee alizitazama akauliza, "Hizi hazikupata maji?" Meneja akajibu kwamba ni umande tu. Nami nilisimama pale na sikusema kitu kuhusu ndoo.

Mwenzangu aliingia mstarini, mimi nyuma yake. Pembeni yetu kulikuwa na jozi nyingine, wanaume wawili. Alipiga ya kwanza na ya pili, sawasawa. Ya tatu upepo kutoka ziwani uliipeperusha sauti, nikaisikia kama imepungua.

"Simamisha!" nilipiga kelele.

Kila mtu akaganda. Mzee alikuja, akachukua bunduki, akaitoa katriji zote, akapitisha ufito ndani ya mtutu. Ufito ulipita bila kugusa kitu.

"Iko safi," alisema. "Vizuri, binti. Ndivyo inavyotakiwa. Endeleeni."

Yeye hakunilaumu hata kidogo. Ila meneja, aliyekuwa amekaa nyuma ya gari mlango ukiwa wazi, alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "Dada, tukisimama kila ukishtuka, Bukoba tutarudi Krismasi?" Wakacheka. Wanaume wale wawili walicheka zaidi. Hata mwenzangu alicheka, pamba masikioni, bila kujua kinachochekwa. Nilihisi uso umepata moto. Ni jambo dogo sana, kuchekwa na watu kumi kwenye nyika. Nikiwasimulia watu sehemu hii huwa nawaona wanasubiri sababu kubwa zaidi. Hakuna nyingine.

Mwenzangu alijaza katriji upya, akaanza tena. Ya kwanza ililia vema. Ya pili ikalia puu.

Niliisikia. Mtu wa pembeni alifyatua papo hapo na mlio wake ukafunika ule, kwa hiyo mzee, aliyekuwa mwisho wa mstari, hakuweza kuupata. Ni mimi peke yangu niliyekuwa mahali pa kuusikia. Nilifungua mdomo. Nikamkumbuka meneja. Nikajiambia: ngoja nisikie na inayofuata, ili niwe na uhakika.

Akavuta bunduki, ganda likaruka nje kama kawaida. Akafyatua.

Sitaieleza sana. Mtutu ulifunguka katikati kama ganda la ndizi. Mwenzangu hakuanguka; alibaki amesimama, kaniachia mgongo, shati la sare limelowa mabegani kwa manyunyu ya asubuhi, na kwa muda kidogo nilifikiri hajaumia. Ndipo bunduki ikaanguka, naye akauinua mkono wake wa kushoto kuuangalia. Ulibaki na vidole viwili. Jicho la kushoto halikuokoka pia, ila hilo tuliambiwa baadaye.

Njiani kwenda hospitali kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu. Nilimtoa pamba masikioni kwa sababu sikujua kingine cha kufanya. Akaniuliza, "Imekuwaje?"

"Sijui," nikamwambia.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Siku tatu baadaye meneja aliniita ofisini. Mzee alikuwepo, amekaa kwenye benchi, kofia magotini. Meneja alikuwa na karatasi.

"Kabla ya kupasuka, ulisikia mlio wowote usio wa kawaida?"

"Hapana."

Niliona mabega yake yanashuka kwa nafuu. Kama mlio haukuwepo, katriji zilikuwa nzima, na kama katriji zilikuwa nzima, paa halina kosa. Akaandika. Kisha akasema ni dhahiri mpigaji aliuachia mdomo wa bunduki uguse matope, ukaziba.

"Matope gani?" mzee aliuliza. "Alisimama kwenye majani. Nilikuwepo."

"Mwangalizi wake anasema hakusikia kitu, mzee."

Mzee alinigeukia. "Una hakika, mwanangu?"

"Nina hakika, mzee."

Mwaka uliofuata mzee hakuitwa tena kufundisha; mjini ilisemwa alidanganya kuhusu matope. Mwenzangu aliachishwa kazi kwa uzembe; neno hilo liliandikwa kwenye barua yake, nililiona. Nilimtembelea hospitalini mara mbili. Mara ya tatu nilifika hadi getini nikarudi. Baadaye nikasikia amehama Bukoba, amekwenda visiwani, Goziba, anapikia wavuvi.

Mimi nilibaki kazini. Nikapanga nyumba Kibeta, na bustani ndogo ya mboga nyuma. Hapo ndipo mlio ule ulipoanza kunifuata. Jirani akikung'uta godoro, puu. Parachichi likianguka kwenye udongo uliolowa, puu. Nilikuwa nasimama na jembe mkononi nikisubiri kinachofuata, na hakikufuata kitu, na kutofuata huko ndiko kulikonichosha. Kuhusu mwenzangu, sikuwahi kuiona sura yake wakati ule wa kupasuka, kwa hiyo iliyonirudia haikuwa sura. Ulikuwa mgongo. Nikiwa kwenye foleni ya maji, nyuma ya mwanamke yeyote mwenye mabega kama yake, mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Niliuziba kwa kiganja, watu wakadhani napiga miayo.

Kwaya niliiacha. Nilisema koo linaniuma.

Kisha ikaja Jumapili ya sadaka ya mavuno, nyumbani Izimbya. Watu walipita mbele na mikungu, mayai, kuku waliofungwa miguu. Mimi nilikuwa kwenye mstari na chane ya ndizi, nyuma ya mama mmoja mnene. Mtu fulani mbele akashusha gunia la maharage sakafuni.

"Simamisha!" nilipiga kelele.

Kanisa zima liligeuka. Mpiga kinanda alisimama kweli. Mama mnene alishika kifua. Niliweka ndizi chini palepale nikatoka nje, na mama yangu akanifuata hadi nyuma ya kanisa, kwenye mikaratusi. Mae, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kihaya, ni mtu wa maneno machache, na siku zote husema nami Kihaya tu.

"Unasimamisha nini, mwanangu?"

Nikamwambia yote. Paa, ndoo, kicheko, mlio, na lile hapana. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema, na nilitegemea anishike. Hakunishika.

"Kwa nini unaniambia mimi?" akasema. "Mimi vidole vyangu ninavyo vyote."

Wiki mbili baadaye niliomba ruhusa kazini, nikaenda mwaloni, kwenye bandari ya wavuvi upande wa Muleba, nikapanda mtumbwi wa injini unaopeleka unga na soda visiwani. Tulitoka alfajiri, tukafika jua limeshapinduka. Goziba ni mabati na mawe, dagaa wameanikwa hadi kwenye njia, na watu wa kila kabila waliokuja kwa msimu mmoja wakabaki. Nilimuuliza mwanamke wa kwanza niliyemwona habari za mpishi aliyekatika vidole. Hakuniuliza yupi.

Alikuwa ndani ya mgahawa wake wa mabati, anachagua mchele kwenye ungo alioupakata, mkono wa kulia ukifanya kazi, wa kushoto ukiushikilia ungo kwa vile vidole viwili. Aliinua uso. Jicho moja lilinitazama vizuri.

"Karibu, mgeni," alisema. "Kuna wali na sangara. Ugali bado."

Nikakaa. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima na yote yalipotea.

"Dada, nilisikia," nikasema.

Hakuacha kuchagua mchele. "Ulisikia nini?"

"Siku ile. Ile iliyotangulia. Ililia vibaya."

"Ililiaje?"

"Unajua ilivyolia."

"Sijui. Nilikuwa na pamba masikioni. Sema ilivyolia."

"Puu," nikasema.

Mkono wake ulisimama. Nje mtu alikuwa akimwita mwenzake kwa Kisukuma, na injini ya mtumbwi ilikuwa ikikataa kuwaka. Alikaa hivyo mpaka injini ikawaka.

"Bega langu lilijua," alisema hatimaye. "Kila risasi ilinisukuma, ile haikunisukuma. Nikajisemea, kama kuna neno, mwenzangu atapaza sauti. Sikusikia ukelele. Nikapiga."

Nilianza kulia. Hakuniambia ninyamaze, wala hakulia yeye.

"Meneja alinijia hospitalini," aliendelea. "Nikamweleza habari ya bega. Nikamwambia, muulizeni mwenzangu, ana masikio ya kwaya, hawezi kukosa kusikia. Akaenda. Akarudi akaniambia, mwenzako kasema hakusikia kitu. Unajua nilichofanya? Nilikuamini. Miaka saba nimekaa nikifikiri bega langu ndilo linalosema uongo. Kwamba kweli nilichovya bunduki kwenye matope, ila sikumbuki. Nimeitembea nyika ile kichwani mara ngapi, natafuta hayo matope!"

"Nisamehe."

"Usiniombe hilo leo. Nina wateja saa hii wanatoka majini." Akasimama, akaupitisha mchele kwenye maji. Alinipa mgongo, nami nikaangalia sakafu. "Yule mzee yu hai?"

"Nasikia yuko kwake, Muleba."

"Basi anza na yeye. Mimi waliniita mzembe. Yeye walimwita mwongo."

Alinipa wali na samaki, nikala kwa sababu nisingethubutu kukataa. Nililala kwa mwanamke aliyenielekeza, na mtumbwi wa asubuhi ukanirudisha.

Mzee nilimkuta kibanjani mwake, amekaa kwenye kigoda akinoa panga la kupalilia. Alikuwa amezeeka ghafla. Nilipiga goti nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

Akaweka mkono nyuma ya sikio. "Eh?"

"Shikamoo!"

"Marahaba. Masikio yamekwisha, binti. Sema kwa nguvu."

Jambo nililolificha miaka saba, hata nikiwa peke yangu nyumbani Kibeta, ilinibidi kulisema kwa kupiga makelele katikati ya migomba. Nilisema mara ya kwanza, hakupata. Nikasema tena. Mara ya tatu nilipiga kelele hadi mkewe akatoka jikoni na majirani wawili wakasimama kwenye uzio: "Nilisikia, mzee! Mlio ulikuwa mbaya! Nilinyamaza!"

Panga likatulia mkononi mwake.

"Ilikuwa ya ngapi?"

"Ya pili! Baada ya kujaza upya!"

Akatikisa kichwa taratibu, akihesabu kitu ambacho bila shaka alikuwa amekihesabu mara nyingi. "Waitu," alimwambia mkewe kwa neno letu la heshima, si mimi, "unasikia? Katriji zililowa." Halafu akafuta macho kwa mgongo wa mkono, akarudi kunoa panga. Nilidhani amemaliza nami. Kisha akasema bila kuniangalia, "Hayo uyaandike. Maneno ya kibanjani hayafiki ofisini."

Niliyaandika, kurasa mbili, nikayapeleka mwenyewe. Meneja yule alikuwa ameshaondoka kampuni; kwenye kiti chake alikaa dada mmoja kijana kuliko mimi. Aliisoma barua yangu nikiwa nimesimama, kisha akaisoma tena. Aliniuliza kama najua kwamba naweza kupoteza kazi. Nikasema najua. Alinisimamisha kazi miezi miwili. Katika miezi hiyo alitafuta jalada la zamani, akamfuata mzee kwake, na mwishowe akaandika barua mbili zenye mhuri, moja ya mzee na moja ya mwenzangu, kwamba ajali ile haikutokana na uzembe wala kosa la mafunzo, bali katriji zilizolowa na ukimya wa mwangalizi. Aliniuliza kama neno ukimya naliona kali. Nikamwambia aliache kama lilivyo.

Barua ya Goziba niliituma kwa mwenye mtumbwi. Mwenzangu alinipigia simu siku ya nne.

"Imefika," alisema. "Nimeisoma." Nikasubiri. Nikasikia vyombo vikigongana, watu wakiagiza chakula. "Nimeibandika ukutani, juu ya meza ya wateja," akasema, kisha akakata.

Niliporudi kazini, meneja mpya alinipa kazi ambayo sikuiomba. Sasa katriji zinakaa ofisini kwake, kwenye kabati kavu, na zile za zamani hazipelekwi uwanjani. Kila mwaka kabla ya walinzi wapya kushika bunduki, nasimama mbele yao kule rweya na kuwasimulia habari hii kama nilivyoisimulia hapa. Nawaambia watu watakucheka, na kicheko hakidumu. Nawapigia ule mlio kwa mdomo, wausikie. Mzee aliletwa mara moja, akawekewa kiti. Alikaa mpaka mwisho.

Sitasema mlio ule umeniacha. Juzi tu nimeusikia, mtu kafunga mlango wa gari, nikasimama barabarani nikisubiri.

Mwaka huu binti mmoja katika wale wapya, mwenye macho ya kudadisi, aliinua mkono. "Samahani, mama. Huyo mwenzako, alikusamehe?"

"Sijui," nikamjibu. "Sijathubutu kumuuliza mara ya pili. Nikienda Goziba ananipikia, nakula, tunazungumza habari za bei ya samaki na za miguu yake inayouma. Nikiondoka haniambii nirudi, wala haniambii nisirudi."

Binti alibaki na mkono wake juu kidogo, kama anayetaka kuuliza zaidi, kisha akaushusha. Manyunyu yalikuwa yameanza. Nikawapanga wawili wawili, nikawagawia pamba wanaotangulia kupiga, na waliosimama nyuma yao nikawaambia wasiweke kitu masikioni mpaka zamu yao ifike.